Mpaka Usiofyekwa

Februari mwaka jana, siku ya tatu ya palizi, kijana niliyempa kibarua alisimamisha jembe akaniita kwa sauti ya chini, namna mtu anavyoita akiona nyoka. Nikaenda na panga mkononi. Nyoka hakuwapo. Pale mahindi yanapokutana na mikorosho ya zamani, chini ya kichaka cha nyasi, palikuwa na kishimo kilichokwaruliwa ardhini, kina chake hakizidi kiganja, na ndani yake mayai 14 ya kanga. Rangi yake ni ya maziwa yaliyodondoshewa chai, na ganda limejaa vidoa kama lililochomwachomwa kwa ncha ya sindano. Nikaligusa moja. Lilikuwa na joto. Mama yao alikuwa ametoka dakika hiyohiyo. Tulimsikia akichapua miguu kwenye majani makavu upande wa mikorosho, wala hakuruka.

"Mama, leo tumepata mboga," kijana akasema.

Hakuwa na kosa. Mwezi wa pili kwetu Nachingwea ni mwezi mgumu. Ghala limeonyesha sakafu, mahindi shambani hayajakomaa, na watu wengi wanaisukuma siku kwa mihogo na majani ya kunde. Mayai 14 ni chakula cha nyumba nzima, na mimi mwenyewe nimelelewa nikiyala. Nikamwambia tuyaache, mboga ya siku hiyo itatoka kwangu, na mstari ule wa mwisho tusiupalilie. Akanitazama kama anayesubiri nimalizie maneno. Sikumalizia, kwa sababu nilichotaka kumwambia kilikuwa kirefu kuliko saa ya palizi. Ndicho ninachokiandika hapa.

Nilirudi nyumbani mwaka 2021 baada ya miaka mingi Dar es Salaam. Mjomba akanikatia ekari 6 katika shamba la ukoo: nusu mikorosho aliyoipanda babu, nusu eneo la mahindi, ufuta, karanga na mbaazi. Kwetu mtoto ni wa ukeni, kwa hiyo neno la mwisho juu ya ardhi ile ni la mjomba, hata kama jembe nalishika mimi. Wiki za kwanza nilijiona nimerudi mahali palepale. Mikorosho ni ileile, na njia ya kisimani inapinda palepale ilipokuwa ikipinda. Lakini kulikuwa na kitu kimepungua, na ilinichukua karibu mwezi kukitambua. Asubuhi zilikuwa kimya.

Bibi yangu hakuhitaji saa. Alfajiri kanga wakishuka mitini walipolala, kundi zima lilianza kelele zile kavu za kukereza, kama bawaba lisilotiwa mafuta, na bibi alikuwa anainuka. Jioni wakipiga kelele wakiwa wameshapanda mitini, alituita watoto ndani, akasema kuna mgeni porini. Wakati wa mvua tombo walikuwa wakiita kutoka kwenye nyasi na usiwaone kamwe, mpaka umkanyagie mmoja na aruke toka chini ya unyayo moyo wako ukikatika. Na kereng'ende, yule jamaa ya kware mwenye koo na miguu myekundu, alikuwa akitoka kukoga vumbi njiani jioni bila hofu kubwa na watu. Hivi ndivyo nilivyovikosa. Nilipomuuliza mjomba kanga wamekwenda wapi, alijibu kama wengi wanavyojibu: "Wameliwa."

Jibu hilo lina ukweli. Tanzi la waya halichagui, na mtego ukitegwa kwenye kijia cha kanga hunasa mama mwenye vifaranga sawasawa na jogoo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na kila mtu kijijini anajua kwamba kuna sheria ya namna hiyo, hata asipojua mwaka wake. Lakini watu walikuwa wakila kanga tangu enzi za babu wa babu, kwa upinde, kwa mitego, kwa mbwa, na kanga walikuwapo. Kwa hiyo "wameliwa" pekee halinitoshi. Kuna kitu kingine kilichobadilika, na kadiri ninavyoishi shambani ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kitu hicho kimo katika namna tunavyosafisha mashamba yetu.

Tumwangalie kanga mwenyewe kwanza. Ni ndege wa miguu. Anaweza kuruka, lakini siku yake nzima ni ya kutembea, na vyote anavyovihitaji lazima viwe pale miguu inapofika: nyasi za kufichia kiota, udongo ulio wazi wa kuchakura, mbegu za magugu, wadudu, maji, na mti mrefu wa kulala usiku. Jike hutaga chini wakati wa mvua, akaatamia kati ya siku 24 na 28, peke yake, bila chochote cha kumlinda isipokuwa madoadoa yake na nyasi zinazomfunika. Siku zote hizo nguchiro anapita, kenge anapita, kunguru anaangalia toka juu. Vifaranga wakitoka wanatembea siku hiyohiyo, lakini majuma mawili ya mwanzo karibu chakula chao chote ni wadudu: mchwa, panzi wachanga, viwavi. Punje bado hazijawa chakula chao. Pasipo wadudu karibu na kiota, mama anaweza kuangua 14 na asifikishe hata mmoja mwezi wa pili.

Ukiyaweka hayo pamoja, unaona kwamba kanga si ndege wa msitu mnene, wala si wa uwanja mtupu. Ni ndege wa shamba. Anapenda palipolimwa, ila palimwe kwa vipande. Kilimo cha bibi kilikuwa hivyohivyo: hapa shamba la mwaka huu, pale la mwaka jana limeachwa na mbaazi, kule limelazwa miaka mitatu nyasi zimefika kiunoni, na kati yake njia, vichuguu na vichaka visivyo na mwenyewe. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ajili ya ndege. Jembe la mkono halikuweza zaidi ya hapo, na katika udhaifu wa jembe kanga alipata nyumba. Methali inasema kanga hazai ugenini. Sisi huitumia kwa watu, kumkumbusha mtu asili yake, lakini aliyeitunga alikuwa amemwangalia ndege huyu vizuri.

Nachingwea kuna kumbukumbu ya mapema ya mashamba yasiyo na vichaka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na sehemu zake zilikuwa Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Walileta matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, wakawa wanafunga minyororo mizito kati ya mashine mbili na kung'oa pori kwa mkupuo. Mwaka 1951 mradi uliachwa, baada ya kula takriban pauni milioni 36. Wazee walioniambia habari zake hawakuzungumzia ndege, walizungumzia mishahara na mashine. Mimi nikipita sehemu hizo huwa najiuliza kundi la kanga lililoamka asubuhi ile likakuta upeo mzima ni udongo mwekundu lilitembea kwenda wapi.

Siku hizi hatuna minyororo ile, lakini tuna mikorosho iliyofuatana shamba kwa shamba, na tuna dawa ya majani. Naomba nieleweke hapa, kwa sababu nalipenda zao la korosho na linanisomeshea watoto. Mkorosho unahitaji kusafishiwa chini. Ikifika Septemba na Oktoba bibo na korosho yake vinadondoka, na korosho iliyodondoka kwenye majani haionekani, au inapata unyevu ikashuka daraja, ukaumia kwenye mnada. Kwa hiyo miezi ya kabla ya hapo watu wanafyeka, wanakusanya, wanachoma. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kwanja na jembe, na mtu alichoka kabla ya kufika mpakani. Sasa mtu anabeba bomba mgongoni na dawa ya kuua majani, na kwa siku mbili anamaliza eneo ambalo kwa mkono lingemchukua wiki mbili. Vibarua ni ghali na vijana wameondoka. Simlaumu anayeshika bomba. Na mimi nimelishika.

Tatizo ni kwamba bomba halichoki. Linafika mpakani, linapita mpaka, linamaliza kichuguu, linamaliza ile pembe ya shamba ambayo mwamba umeizuia jembe tangu enzi za babu. Dawa ya majani kwa kawaida haimwangushi kanga papo hapo, na ndiyo maana hatuioni kazi yake. Inaondoa magugu, magugu yakiondoka wadudu wanaokula magugu wanaondoka, na wadudu wakiondoka kifaranga wa siku tano anatembea kutwa na kulala na njaa.

Jambo hili limechunguzwa mbali na kwetu. Uingereza wana kware wa kijivu aliyekuwa ndege wa kawaida kabisa wa mashamba ya ngano, na idadi yake imeshuka kwa zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1960. Mwaka 1968 mtafiti Dick Potts alianza uchunguzi katika mashamba ya Sussex, na uchunguzi huo umeendelea kwa miongo. Kilichojitokeza ni kwamba dawa za magugu zilikuwa zimewaondoa wadudu waliokuwa chakula cha vifaranga, na kuondolewa kwa vichaka vya mipakani kuliwaacha majike bila mahali pa kutagia. Karibu zaidi na sisi, Afrika Kusini, kanga hawahawa wetu walipungua sana katika mashamba ya KwaZulu-Natal miaka ya 1980 na 1990. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipofuatilia, walielekeza kidole kwenye mashamba makubwa ya zao moja yaliyochukua nafasi ya vipande vilivyochanganyika, pamoja na dawa za kilimo.

Najua kanga hayumo katika hatari duniani. Kwenye orodha za kimataifa anahesabika miongoni mwa ndege wasio na wasiwasi, na akiwa Serengeti au Ruaha unamwona kwa makundi. Lakini orodha haiishi kijijini kwangu. Moroko nako kulikuwa na kanga wa porini, na huko inaaminika wametoweka, na kutoweka kwao hakukusubiri kanga wa bara zima waishe.

Sasa niseme la moto, kwa sababu hili ni langu mwenyewe.

Mwaka 2022, mwisho wa Juni, tulipokwisha kupukuta ufuta na kukunja maturubai, niliamua kuchoma kipande kilicholazwa kilichopakana na mikorosho. Nilijiona nafanya vizuri. Nyasi zilikuwa bado na unyevu kidogo chini, na nilikuwa nimesikia kwamba kuchoma mapema ni salama kuliko kungoja Oktoba wakati kila kitu ni baruti. Hilo ni kweli, na katika vijiji vya Kilwa vyenye misitu ya jamii uchomaji wa mapema umetumika kuzuia moto mkubwa wa kiangazi. Nilichokosea ni umbo la moto. Nilifuata desturi: tukasimama pande zote nne, tukawasha kwa pamoja, moto ukakutana katikati. Faida yake ni kwamba hauwezi kutoroka kwenda kwa jirani. Vijana nao wanaupenda kwa sababu panya wanakimbilia mahali pamoja wakikwepa moshi, na samaki nchanga, kama tunavyomwita panya wa shamba, ni kitoweo chetu, sina aibu nacho.

Asubuhi yake nilipita kwenye majivu kuhakikisha magogo hayafuki. Karibu na kisiki nilikuta kereng'ende amekaa. Nilidhani mzima, kwa jinsi alivyokaa ametulia, mbawa zimefunguka kidogo pembeni. Nilipoinama nikaona amekaa juu ya mayai yake. Hakuondoka. Moto ulikuja kutoka mbele, nyuma, kushoto na kulia, naye akafanya kile ambacho ndege wa chini hufanya akiogopa: alijibana ardhini akaamini madoa yake. Nilichimba shimo dogo nikamfukia pamoja na mayai. Sikumwambia mtu siku ile.

Tangu hapo nachoma kwa upande mmoja. Nafyekea kwanza mkanda mpana wa kuzuia moto kuzunguka eneo lote, natoa taarifa kwa uongozi wa kitongoji na kwa majirani, halafu nawasha ule upande ambako upepo unaelekea, ili moto urudi nyuma ukipingana na upepo. Unakwenda taratibu, unachukua nusu siku, vijana wanalalamika kwamba unachosha. Lakini upande wa pili unabaki wazi tangu mwanzo hadi mwisho, na chenye miguu kinaondoka. Kila mwaka naacha theluthi moja ya eneo bila kuchomwa kabisa, mwaka unaofuata nachoma hiyo na kuacha nyingine. Mayai bado yanaweza kuungua, siwezi kudanganya. Mama yake anabaki hai kutaga tena.

Huko Uskoti kuna habari iliyonipa nguvu sana, na inatuhusu sisi kwa namna ambayo sikuitegemea. Kuna ndege wa nyasi ndefu, mkubwa kuliko tombo kidogo, wataalamu wanamwita Crex crex. Anataga kwenye majani ya kulishia mifugo, na mashine za kukata majani zilikuwa zikianzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati. Vifaranga hawapendi kukatiza mahali palipo wazi, kwa hiyo walikuwa wakirudi nyuma kuingia kwenye nyasi zilizobaki, mpaka zikabaki nyasi za katikati tu na mashine ikawamaliza. Ni moto wangu uleule wa pande nne. Wakulima wakaombwa, na wakalipwa, waanze katikati na kukata kwenda nje, tena wachelewe kukata mpaka vifaranga wakue. Mwaka 1993 madume waliohesabiwa wakiita walikuwa chini ya 500, na kufikia 2014 walikuwa zaidi ya 1,200. Baada ya hapo idadi ilishuka tena, kwa hiyo kazi haijaisha. Na ndege wa aina hiyo, baridi ya Ulaya ikianza, wengi wao huja huku: kusini mwa Tanzania, Zambia, Malawi, Msumbiji. Anayelindwa na mkulima wa Ulaya mwezi wa saba huenda akawa kwenye nyasi za jirani yangu mwezi wa kwanza.

Kwangu mimi nimechukua hilo umbo. Nikipalilia kipande chenye nyasi ndefu, naanza pembeni mwa njia na kusukuma kuelekea mpakani, kamwe si kutoka pande zote kuja katikati. Na mpaka wenyewe siufyeki. Nimeacha mkanda wa hatua tano upande wa mashariki na upande wa bondeni, haupigwi dawa, haulimwi, na ukihitaji kufyekwa unafyekwa Agosti, kipande kwa kipande. Chini ya mikorosho nasafisha mduara wa kivuli tu, kwa sababu korosho hudondokea chini ya matawi, haziruki kwenda kati ya miti. Baina ya mti na mti majani yanabaki mafupi, yamekatwa kwa kwanja, hayajauawa. Hata yule ndege wa usiku, kirukanjia, anayetaga mayai yake mawili juu ya majani makavu bila kujenga chochote, mwaka huu nimemwona mara mbili kati ya miti ile. Mbegu za dukani zilizopakwa dawa, zile za rangi ya waridi, zikimwagika nazifukia. Ndege akizila humdhuru.

Yote hayo ni rahisi kuyaandika. Kilichokuwa kigumu ni aibu.

Kwetu shamba safi ni heshima ya mtu. Mgeni akipita njiani anasoma tabia yako kwenye mpaka wako. Nyasi zikisimama, watu wanasema mwenyewe ni mvivu, au mgonjwa, au ameshindwa maisha mjini akaja kulala kijijini. Mwaka wa kwanza wa ule mkanda niliyasikia yote matatu. Mjomba aliambiwa kilabuni kwamba mpwa wake analima magugu, na jioni ile alikuja nyumbani akaketi muda mrefu bila kugusa uji.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Lile jani la mpakani, mjomba, ni la nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa hoja tatu, na zote zilikuwa na uzito. Kwanza nyoka. Pili, mpaka usiofyekwa unaliwa. Jirani anasogeza jembe mstari mmoja kila mwaka, na baada ya miaka kumi mko barazani kwa wazee mnagombana. Tatu, na hapo sauti yake ilibadilika, karanga zake. Shamba la mjomba linapakana na mkanda ule upande wa bondeni, na kanga wakiongezeka hawatakula ndago peke yake. Watafukua mbegu.

Kuhusu nyoka, nimefanya njia ya watoto kuwa pana na tupu, mbali na mkanda. Kuhusu mpaka, tulipanda mbono pamoja, mimi na yeye na yule jirani, kila hatua kumi mche mmoja, na jirani akashuhudia. Mbono haung'oki kwa bahati mbaya. Kuhusu mbegu sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Kanga na kware hufukua mahindi na karanga siku za kwanza baada ya kupandwa. Wanaokula hasara hiyo ni watu wenye debe mbili za mbegu, walizozinyima midomo ya watoto wao tangu Julai. Anayemwambia mkulima kwamba ndege ni rafiki tu, hamheshimu. Ni kweli kanga anachimba vijinundu vya ndago, gugu ambalo jembe linalizidishia nguvu, na anakula mchwa na panzi kuanzia alfajiri hadi magharibi. Lakini hilo halirudishi mbegu iliyofukuliwa Desemba.

Nirudi kwenye kiota cha Februari. Sikukiwekea alama, kwa sababu alama humwonyesha njia kila mwenye macho. Nilihesabu hatua 12 kutoka kwenye mkorosho wenye mzinga wa zamani, nikakaa nalo kichwani. Sikwenda kukiangalia pia. Nyayo za mtu kwenye nyasi huwa njia, na nguchiro anaifuata. Nilimpa yule kijana kazi upande wa pili wa shamba kwa wiki tatu, na alipoona nimepania, akaanza kunisaidia bila kuambiwa: mbwa wa jirani wakija, yeye ndiye aliyewafukuza.

Nilikwenda siku ya 29. Kishimo kilikuwa kitupu, na mimi sikupumua mpaka nilipoinama. Yai likiliwa na mnyama huvunjwa ovyo na ute huganda kwenye udongo. Yai lililoanguliwa huwa limekatwa duara upande mmoja, kama sufuria iliyofunuliwa kifuniko. Nilihesabu vifuniko 11. Mayai matatu yalibaki baridi, hayakuwa na kitu. Kijana alikiokota kifuniko kimoja akakitia mfukoni mwa shati. Sikumuuliza anakipeleka wapi.

Aprili, baada ya mvua ya usiku, niliwaona kwenye njia ya bondeni. Jike, dume, na vifaranga wanne tu, wameshaota manyoya ya mbawa, wanachakura kinyesi cha ng'ombe. Wanne kati ya 11. Wapo wanaosema ni hesabu ndogo. Mimi nilisimama pale na ndoo ya maji kichwani mpaka shingo ikauma, nikasubiri wamalize kupita.

Mwezi uliopita mjomba alikuja tena, safari hii asubuhi, kabla sijawasha moto jikoni. Alikuwa amewasikia. Alisema walianza kwenye ule mwembe wa kisimani, wakaita, kisha wakatulia, naye akakaa kitandani akimkumbuka dada yake, yaani bibi wa watoto wangu, alivyokuwa akiwapigia makofi washuke upesi. Halafu akarudi kwenye karanga. Tulizungumza kwa muda. Tulichokubaliana ni hiki: mvua za kwanza zikinyesha tutapanda siku moja, mimi kwangu na yeye kwake, ili ndege wasiwe na mahali pamoja pa kushambulia. Kuanzia siku hiyo kwa majuma mawili, mpaka miche itoe majani manne, kuamia shamba lake ni kazi yangu. Alfajiri mpaka saa nne, kisha kuanzia saa kumi mpaka magharibi, mimi na wanangu kwa zamu, kwa debe tupu na fimbo, bila tanzi na bila sumu. Mbegu zikifukuliwa chini ya macho yangu, nazilipa kutoka kwenye ghala langu.

Akaniuliza kama nimeshatenga hizo mbegu. Nikamwambia bado.

"Zitenge leo," akasema. "Debe moja na nusu. Na ule mkanda wako, upande wangu wa mpaka nitakuachia hatua mbili. Nimeshamwambia anayenifyekea."

Debe liko kwenye ghala, nimelifunga kwa kitambaa chekundu ili mtu asije akalitwanga kwa bahati mbaya.